Nilivyomaliza herufi nikisubiri ukinzani

"Chukulia kinyume, ukinzani utajitokeza wenyewe." Ndio ushauri pekee niliopewa kuhusu uthibitisho kwa ukinzani, yaani kuchukulia kinyume cha unachotaka kuthibitisha mpaka utokee mgongano usiowezekana, na mimi mtiifu nikausubiri ukurasa mzima.

Swali lilikuwa lile linalompata kila mtu: thibitisha kwamba √2 si namba wiani, yaani haiandikiki kama sehemu ya namba kamili mbili. Nikaanza kwa madaha: chukulia √2 = a/b. Basi a² = 2b², a ni shufwa. Nikaweka a = 2k, ikatoka b² = 2k². Kumbe b nayo shufwa! Nikaweka b = 2m, ikatoka k² = 2m². k shufwa! Nikaweka k = 2n... Nilizunguka kama pia, nikishangilia kila shufwa mpya, mpaka herufi zikaniishia. Ukinzani sikuuona.

Kumbe kosa lilikuwa mstari wa kwanza. Sikuandika kwamba a/b imesharahisishwa, yaani a na b hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Bila sharti hilo, zote mbili kuwa shufwa si kosa. 6/4 ni sehemu halali kabisa. Ukiliandika, ile shufwa ya pili tu inamaliza kesi. (Hata zile mbio zangu za herufi zingefaa, kama ningejua kusema kwamba namba kamili chanya haigawanyiki kwa 2 milele. Sikuwa mjanja kiasi hicho.)

Ninachojivunia hasa ni hiki. Niliingiwa na wasiwasi: hoja hii isije ikawa inakata kila kitu, hata pasipo haki? Nikaijaribu kwa √4, ambayo ni 2. a² = 4b², kwa hiyo a² inagawanyika kwa 4, kwa hiyo a inagawanyika kwa 4... Simama hapo! 2² inagawanyika kwa 4, 2 yenyewe haigawanyiki. Hoja ikakatika palepale ilipopaswa kukatika. Siku hizi kila uthibitisho wangu naujaribu hivyo, kwa jambo ninalojua ni uongo. Ukilipitisha, nauchana.

Na kinyume cha "hakuna" ni "ipo angalau moja", si "zote". Niliambiwa nionyeshe kwamba hakuna namba kamili zinazokidhi 18a + 6b = 1. Nikachukulia kila a na b zinakidhi, nikaweka 0 na 0, nikapata 0 = 1, nikatangaza ushindi. Alama nazo zilikuwa 0. Kumbe ilikuwa kuchukulia zipo a na b fulani, kisha kugawanya kwa 6: 3a + b = 1/6. Kushoto namba kamili, kulia sehemu. Mistari miwili!