Nilivyompata wakili wa wosia wa mama

Hapa Morogoro, kila niliyemuuliza kuhusu wakili wa kumwandikia mama wosia alinijibu vilevile: nenda nje ya mahakama, wamejaa tele. Kweli wamejaa. Shemeji akatupeleka kwa "wakili wake", bwana mmoja mwenye kimeza ndani ya stationeri, suti imenyooka, muhuri mezani. Nusu saa haikuisha, wosia ukatoka kwenye printa. Mama akavaa miwani, akausoma taratibu, kidole juu ya mstari. Alipofika katikati akanigeukia: "Mwanangu, hawa ng'ombe kumi na wanne wametoka wapi?"

Mama hajawahi kufuga hata bata. Yule bwana kachukua wosia wa mtu mwingine, kabadilisha jina, ng'ombe wakabaki. Wala hakuona haya; eti atawafuta, tuongeze hela ya karatasi. Shemeji akawa anatazama feni.

Palepale nikaliingiza jina la yule bwana kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha mawakili waliosajiliwa na kama wanaruhusiwa kufanya kazi. Hayumo. Kishoka mtupu! Kuangalia humo ni bure, bando kidogo tu, lakini watu wataendelea kukwambia uangalie suti.

Tatizo ni kwamba kuwemo kwenye mfumo si kujua mirathi. Wengine kazi yao ni jinai au makampuni. Ndipo nikatunga swali langu, ambalo najivunia mpaka leo. Naingia ofisini, nasalimia, nasema: "Mama anataka nyumba yote aandikiwe mdogo wetu wa mwisho. Inawezekana?" Basi, nanyamaza. Mmoja akasema hakuna shida, mali ni yake. Nikaaga. Mwingine hata hakujibu, alianza na laki tano, akashuka hadi tatu kabla sijafungua mdomo. Nikaaga.

Tuliyemchukua ni dada mmoja, ofisi yake iko ghorofani, ngazi zilimtoa mama jasho. Alimpa shikamoo, akampa maji, kisha swali langu akalijibu kwa maswali: mama dini gani? Baba yupo? Hati ina jina la nani? Moyoni nikasema huyu ndiye. Mama ni Muislamu, mjane, na hati ni yake. Akatueleza kuwa wosia wa Muislamu hauvuki theluthi ya mali, na mdogo wetu tayari ni mrithi, kwa hiyo hawezi kuachiwa kitu kwa wosia mpaka warithi wengine turidhie. Kama mama amedhamiria kumpa nyumba, ampe angali hai, iwe hiba: akabidhiwe kweli na hati ibadilishwe jina. Wosia utaje madeni, sadaka ya msikiti na msimamizi wa mirathi.

Halafu akanitoa nje azungumze na mama peke yake. Kaka alichukia aliposikia, mimi nilifurahi. Kaka huyohuyo alitaka awe shahidi, akakataliwa. Walisaini majirani wasiorithi chochote.

Ada ilifika laki nne na ushee, tukalipa nusunusu, kwa risiti. RITA, wakala wa serikali wa usajili, nao huandika na kuhifadhi wosia, ukipenda njia hiyo. Sisi tuliwapelekea watutunzie tu, maana kabati la mama wajukuu hulifungua kutwa wakitafuta biskuti.