Nilivyowapeleka watoto wa darasa la tano kanisa la Mkunazini, mara ya kwanza niliharibu

Mie nasomesha skuli ya msingi huku shamba, kusini Unguja, na mwaka huu nimewapeleka watoto wa darasa la tano mjini kwa mara ya pili kuliona kanisa la Mkunazini, lile kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Walimu wenzangu wawili watatu wameniuliza nilifanyaje na nimeshachoka kurekodi voisi ndefu ndefu za WhatsApp, bora niandike mara moja.

Naanza na mara ya kwanza maana huko ndiko nilikojifunza. Tulifika tu getini nikawaingiza moja kwa moja kwenye vile vyumba vya chini vyenye dari fupi na minyororo, nikaona hiki ndicho walichokuja kuona, basi watoto wameinama mle ndani, joto, giza, anayetuonyesha anasimulia watu walivyobanwa hadi wengine kufa, mtoto mmoja wa kike akaanza kutetemeka nikalazimika kumtoa nje nimempakata kama mtoto wa miaka mitatu. Baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu tena, kanisani kwenyewe tulipita tu. Kwenye gari wakati wa kurudi ndo ikawa mbaya zaidi, watoto wakamgeukia mwenzao mmoja mweupe mweupe wa rangi wakaanza kumwambia babu zako ndo waliouza watu. Yule kijana hakusema neno mpaka tunafika. Usiku mama yake yule msichana akanipigia, mwalimu mtoto halali, umemuonyesha nini huko? Sikuwa na jibu.

Nilikaa mwaka mzima sijataka hata kuisikia hiyo safari. Ila watoto wa mwaka uliofuata wakawa wananiuliza wao wataenda lini, na mie mwenyewe naamini mtoto wa Unguja hafai kumaliza skuli hajasimama pale, watalii wanatoka mbali kuja kupaona na sisi ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari.

Safari hii nikaanzia kwa wazee. Watoto wetu karibu wote ni Waislamu, na kuna wazazi neno kanisa tu linawatia wasiwasi, ni haki yao, huwezi kumtumia mzazi kikaratasi cha kutia saini ukadhani umemaliza. Nikaitisha kikao baada ya sala ya Alasiri, nikasema tunaenda kusoma historia, hakuna sala, hakuna wimbo, na mzazi anayetaka kuja aje. Baba mmoja akauliza kwani hiyo historia haisomeki darasani? Kabla sijajibu mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu, akasema kuingia nyumba si kuingia dini, na pale wamepita watu wetu, mie nakwenda nao. Akaja kweli, na kanzu yake na kofia. Nakwambieni kuwa na yule babu kulinisaidia kuliko barua kumi za ofisini. Ustadhi wa chuo cha Kurani naye nikamfuata mapema maana watoto jioni wanakwenda chuoni, nikamuomba siku moja tu, akakubali.

Kisha wiki nzima kabla ya safari tukazungumza darasani lile jambo lililomuumiza yule kijana. Niliona bora walisikie kwangu taratibu kuliko kulikuta kule wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Nikachora ramani ubaoni, Ziwa Nyasa huku, Kilwa huku, Bagamoyo, Unguja, nikawaonyesha misafara ilivyokuwa inakuja pwani. Wapo Waarabu waliouza na kununua, wapo Waswahili, wapo Wayao na Wanyamwezi waliokuwa wakiongoza misafara, wapo Wahindi waliokopesha fedha, wapo Wafaransa waliowachukua watu kulima miwa kwenye visiwa vyao, na Wazungu na Wamarekani waliokuwa wananunua pembe za ndovu zilizobebwa na watu hao hao. Na karafuu zetu hizi tunazojivunia nani alizipanda na kuzichuma? Darasa likanyamaza. Halafu msichana mmoja akasema, kwa hiyo mwalimu na sisi tunaweza kuwa wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, vyote viwili? Nikamwambia ndiyo, hapa kwetu wengi wetu tuko hivyo. Baada ya hapo sikusikia tena mtoto anamnyooshea mwenzake kidole.

Siku yenyewe nilichagua Jumatano. Ijumaa haifai na Jumapili wenyewe wana ibada yao. Ofisi yao nilishaongea nayo kabla, nikawaambia watoto wangapi, umri gani, na nini sitaki wasimuliwe. Watoto thelathini na nane, nikawagawa makundi manne kila moja na mtu mzima, wamekula mihogo na chapati zao garini kabla hatujashuka, chooni wote kwanza. Hayo madogo msiyadharau, mtoto mwenye njaa hasikilizi.

Na mpango nikaugeuza. Tukaanzia nje kabisa, ukutani. Nikawaambia shikeni, hii ni nini? Kijana mmoja ambaye baba yake anachoma chokaa akapiga kelele, matumbawe haya mwalimu, kama nyumba ya kwetu! Basi hapo hofu yote ya kanisa ikaisha, maana jengo lilikuwa geni sasa limekuwa la mawe wanayoyajua. Nikawaambia hata paa lile la duara juu limetengenezwa kwa vipande vya matumbawe na saruji, Edward Steere, askofu wa wamisheni wa Kiingereza, ndo aliyesimamia, na watu wa wakati ule walikuwa wakingoja lianguke. Halijaanguka mpaka leo.

Ndani nikawapa kazi moja tu kila kundi, tafuteni kitu ambacho fundi alikosea. Walizunguka kama dakika kumi wanaangalia kila kitu, madirisha, sakafu, dari, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, waangalie. Kundi la tatu wakaziona zile nguzo ndogo karibu na mlango wa nyuma zimewekwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha hivyo, aliporudi akaamua ziachwe zilivyo. Yule babu alicheka akasema fundi ni fundi tu.

Halafu nikawakusanya mbele karibu na madhabahu, kwenye lile duara la marumaru nyeupe lenye nyekundu pembeni, hapo sauti nikaishusha. Duara linaonyesha mahali inaposemekana ulisimama mti wa kuwafungia watu na kuwachapa sokoni. Nikawaambia soko lilifungwa Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Miezi sita tu. Mtoto akauliza basi utumwa ukaisha siku ile? Nikamwambia hapana, soko lilifungwa lakini watumwa walibaki majumbani na mashambani, sheria ya kuufuta utumwa Unguja ilikuja 1897. Akahesabu kwa vidole akasema miaka ishirini na nne mwalimu, mtu anazaliwa anaoa bado mtumwa. Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu hapo, na niliwaambia pia kwamba alikiandikia Kiswahili kitabu cha sarufi 1870, wakashangaa kwamba lugha yao ilikuwa na kitabu wakati ule.

Msalaba wa mti uliopo pale nao una kisa chake, umetengenezwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kizungu, kule Chitambo, Zambia ya leo. Ila mie sikukaa sana kwa Livingstone, nilikaa kwa watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Chuma mwenyewe aliwahi kuwa mtoto aliyeokolewa mikononi mwa wauza watumwa.

Nje tukaenda kwenye shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya 1998, na minyororo yenyewe ni ya kweli ya zama zile. Hapo sikusema kitu. Niliwaacha wasimame tu, wanaotaka kukaa wakakaa. Vyumba vya chini nikaviacha mwisho, anayetaka anaingia, asiyetaka anabaki na babu chini ya kivuli, na waliobaki hakuna aliyechekwa. Niliwaambia pia kwamba nyumba ile ya juu ilijengwa na wamisheni baadaye, na wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile havikuwa vya watumwa. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kulielewa hilo, na nadhani wananiamini zaidi ninapowaambia.

Kitu kimoja niliwasimulia kwenye gari tukirudi. Mwaka 1864 Sultani Majid aliwapa wamisheni waliokuwa wamefika Unguja vijana watano waliokamatwa kutoka kwenye jahazi la watumwa, wakawa ndio wanafunzi wao wa kwanza. Vijana wadogo kama nyinyi, nikasema, na mmoja wao John Swedi akaja kuwa shemasi.

Kesho yake nikawaambia wachore walichokipenda. Wengi wakachora nguzo za kichwa chini. Yule msichana aliyeuliza kuhusu wajukuu akachora jahazi na vijana watano, mmoja kamuandikia Swedi na wanne wengine kawaachia mstari mtupu chini ya miguu. Nikamuuliza hapa mbona hujaandika? Akasema mwalimu si umetutajia mmoja tu, na hawa nao walikuwa na majina, utupe nijaze.

Nimemuahidi nitamtafutia. Jumamosi nakwenda mjini.