Bibi Alipoitikiwa kutoka Muscat

Ilikuwa Oktoba 2006, kumi la pili la Ramadhani, na Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya Mtera yameshuka. Kila baada ya futari tulikaa ukumbini kwetu Magomeni tumezunguka taa ya chemli, Bibi akitutegea vitendawili.

Wazo nililipata kwa Peter Oakley, mzee wa Kiingereza aliyezaliwa 1927. Agosti mwaka huo alianza kukaa mbele ya kamera ya kompyuta akisimulia maisha yake YouTube, na vijana wa nchi mbalimbali wakawa wanamsikiliza kama wajukuu zake. Nikasema, na huyu wangu je? Nikaazima kamera ndogo ya binamu yangu.

Chemli iliangaza shavu moja tu la Bibi na ncha ya mtandio wake.

"Kitendawili!"

"Tega!" tukaitikia.

"Kuku wangu katagia mibani."

Hapo kadi ikajaa, picha ikakatika.

Kesho yake nikaenda kafe ya intaneti Kariakoo. Mkongo wa baharini ulikuwa bado miaka mitatu kutufikia. Kila kitu kilipanda na kushuka kwa setilaiti. Nilikuwa nimeibana video mpaka megabaiti 9, na bado ilichukua karibu saa nzima. Mara ya kwanza umeme ulikatika ikiwa imebaki kidogo, nikaanza upya, nikalipia upya. Pale kafe gumzo lilikuwa Google, waliotangaza wiki ile kwamba wanainunua YouTube kwa dola bilioni 1.65. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kimstari kinachojaa.

Siku zile uliweza kuijibu video kwa video, yako ikabandikwa chini ya ile uliyoijibu. Walikiondoa kitu hicho 2013, na mpaka leo kinaniuma, maana ndicho kilichotufanya wageni tukae kama barazani.

Baada ya Idd nikakuta jibu limetoka Muscat. Bibi kizee, amejitanda kanga, na sauti ya mjukuu nyuma ya kamera. "Nanasi!" akasema, Kiswahili chake Kiunguja kitupu. "Hilo tukitegwa kwetu tungali watoto wadogo." Alikuwa ameondoka Unguja akiwa mwari, hajarudi tena. Kisha akajiweka sawa: "Kitendawili!" Akanyamaza, akaitazama kamera, akingoja.

Nikampeleka Bibi Kariakoo. Nikamvisha spika za masikioni juu ya mtandio, nikabonyeza. Mwenzake aliposema kitendawili, Bibi akaitika kwa sauti ya ukumbini kwake, "Tega!" Kafe nzima ikageuka.

"Popoo mbili zavuka mto."

Akaomba tena. Akaomba mara ya tatu, na safari hii aliweka kidole kwenye kioo, pembeni ya uso wa yule mama, asiuzibe.

Jibu ni macho. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, sijaanza hata shule. Nikatoa kamera kwenye mkoba nimrekodi akijibu. Bibi akatikisa kichwa.

"Mwambie nimeshindwa. Nampa mji."

"Mji gani, Bibi?"

"Mwambie nimempa Unguja."