Mitupo 1,452: Nilivyowaeleza Mabinti Zetu Kazi ya Caitlin Clark

Hapa Iowa City, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, zipo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka mashariki ya Kongo, na sisi wachache wa kutoka Tanzania tumejumuika nazo katika misiba, harusi na michezo ya watoto. Kwa kuwa niliwahi kucheza mpira wa kikapu nilipokuwa sekondari Mwanza, wazazi waliniomba niwasimamie mabinti wao katika mazoezi ya Jumamosi. Mwaka 2024, Caitlin Clark alipomaliza miaka yake minne katika Chuo Kikuu cha Iowa, waliniomba jambo jingine: niwaandalie mabinti hao, wazazi wao wakiwapo, maelezo ya Kiswahili kuhusu yale aliyoyafanya mchezaji huyo wa mji wetu. Naandika namna nilivyoifanya kazi hiyo, maana wapo wenzangu wanaofundisha vijana kwingineko ambao huenda wakataka kufanya vivyo hivyo kwa mchezaji mwingine.

Taabu ya kazi hii haikuwa uhaba wa habari. Katika mji huu habari za Clark zilikuwa zimejaa hadi kwenye madirisha ya maduka, na kila mtoto alijua kwamba alimaliza na pointi 3,951, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa daraja la kwanza la NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani), mwanamume au mwanamke, aliyewahi kuifikia. Taabu ilikuwa kwamba mtu akiziorodhesha tuzo zake zote, wasikilizaji husinzia kabla hajafika nusu, na wakiamka hawajajifunza chochote kuhusu kutupa mpira. Kwa hiyo niliamua kuziacha tuzo kando, isipokuwa kutaja kwamba alichaguliwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2023 na tena mwaka 2024, kisha nikaanza na hesabu ambayo watu wengi huipita haraka: mitupo yake ya pointi tatu, yaani ile ya kutoka nje ya mstari wa mbali, iliyoingia na iliyokosa.

Nilichukua takwimu za misimu yake minne nikaziandika kwa mkono katika daftari, msimu kwa msimu. Katika msimu wa 2020/21, viwanja vikiwa karibu vitupu kwa sababu ya Uviko-19, alitupa mara 286 akafunga 116, yaani asilimia 40.6. Msimu uliofuata alitupa 274 akafunga 91, asilimia 33.2. Msimu wa 2022/23 alifunga 140 kati ya 360, na msimu wa mwisho alifunga 201 kati ya 532. Ukijumlisha unapata mitupo 1,452 iliyozaa vikapu 548, ambavyo ni vingi kuliko vya mchezaji yeyote katika historia ya daraja la kwanza la wanawake. Vile 201 vya msimu mmoja vilimpita hata Stephen Curry, nyota wa ligi ya NBA, ambaye alipokuwa chuo cha Davidson msimu wa 2007/08 alifunga 162 katika michezo 36. Haki inanitaka niseme kwamba Clark alicheza michezo 39 msimu ule, lakini hata ukigawanya kwa mchezo mmoja mmoja, bado yuko mbele.

Niliziandika namba hizo ubaoni bila maelezo nikasubiri. Binti mmoja wa miaka kumi na mitatu, ambaye kwa kawaida huwa kimya, alikuwa anatoa kimoyomoyo, kisha akauliza: "Kocha, mbona amekosa 904? Anayekosa zaidi ya anavyofunga anaitwaje bingwa wa kutupa?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalitafuta, na nilifurahi kwamba lilitoka kwake, kwa kuwa mabinti wetu wengi huacha kutupa mara tu wanapokosa mara mbili mfululizo, wakaanza kupiga pasi za woga.

Nilimjibu kwa hesabu ya darasa la tano. Mtupo wa pointi tatu unaoingia kwa asilimia 37.7, ambayo ndiyo wastani wa Clark kwa miaka yote minne, huleta takriban pointi 1.13 kila mpira unapotoka mkononi. Anayetupa mitupo ya pointi mbili atalazimika kufunga kati ya asilimia 56 na 57 ya mitupo yake ili amfikie, na kufanya hivyo mbele ya mabeki warefu waliosimama chini ya kikapu si kazi ndogo. Hata katika msimu wake mbaya kuliko yote, ule wa asilimia 33.2, kila mtupo wa pointi tatu ulileta karibu pointi moja kamili. Mzazi mmoja, ambaye ni mfanyabiashara, alisema kwa sauti kwamba sasa ameelewa, kwamba hii ni faida kwa jumla na si kwa bidhaa moja, na nikamwacha awaeleze wengine kwa maneno yake, kwa sababu alieleza vizuri kuliko mimi.

Msimu huo mbaya ndio niliokaa nao muda mrefu zaidi. Katika vyuo vya wanawake, mstari wa pointi tatu ulisogezwa nyuma kuanzia msimu wa 2021/22, kutoka mita 6.32 hadi mita 6.75 ambao ndio umbali wa kimataifa. Tofauti ya sentimita 43 husikika kama kitu kidogo mpaka uione sakafuni. Nilibandika utepe wa bluu mahali mstari wa zamani ulipokuwa na utepe mwekundu mahali ulipo wa sasa, nikamwambia kila binti atupe kutoka bluu kisha kutoka nyekundu, bila kubadili chochote. Karibu wote, walipofika kwenye utepe mwekundu, walianza kurusha kwa mabega: kiwiko kinatoka nje, kidevu kinapanda, mpira unakwenda bapa na kugonga sehemu ya mbele ya ringi. Hapo ndipo nilipowaonyesha picha za Clark, nikiwa nimezima sauti ya watangazaji ili waangalie miguu tu. Nguvu yake huanzia magotini. Anashuka kidogo wakati mpira ukiwa bado chini, kisha mwili na mpira hupanda pamoja bila kusimama njiani, na mkono hufanya kazi ya kuelekeza tu. Anapenda sana kupiga hatua ya kurudi nyuma akielekea kushoto, na hata hapo miguu hutua kwanza ndipo mpira uende.

Sidai kwamba mstari peke yake ndio ulioshusha asilimia yake msimu ule, kwani mabeki walikuwa wamekwisha kumjua na kila timu ilimwandalia mtu wa kumfuata kila aendako. Ninachojua, na ndicho nilichowaambia, ni kwamba katika msimu huohuo ambao mitupo yake ilikosa kuliko mingine yote, aliongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi na pia kwa wastani wa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, jambo ambalo hakuna mwanamke wa daraja la kwanza aliyekuwa amelifanya katika msimu mmoja kabla yake.

Kwa maoni yangu, hizo asisti ndizo kipimo kizuri zaidi cha mtupaji, ingawa najua wengi watanipinga. Clark alimaliza chuo na asisti 1,144 katika michezo 139, yaani zaidi ya nane kila mchezo. Chanzo chake ni umbali. Mtu anayeweza kufunga akiwa karibu na nembo ya katikati ya uwanja humlazimisha beki amfuate mpaka huko, mara nyingi wawili, na nyuma yao hubaki uwazi ambao mchezaji wa kati hupokea pasi na kufunga bila kusumbuliwa. Monika Czinano, mwenzake aliyecheza katikati hadi mwaka 2023, alikuwa miongoni mwa wachezaji wenye asilimia kubwa kabisa za ufungaji nchini, na mtu akitazama michezo ile ataona ni mara ngapi pasi ya Clark ilimfikia akiwa ameshakipa kikapu mgongo. Nililichora jambo hili kwa vizibo vya soda juu ya meza, nikimsogeza Clark nyuma hatua kwa hatua na kuwafanya mabinti wenyewe wamsogeze beki, mpaka wakaona wenyewe pengo linavyofunguka.

Baada ya hapo niliwaonyesha usiku wa tarehe 15 Februari 2024, katika uwanja wa Carver-Hawkeye, dhidi ya Michigan. Alihitaji pointi nane ili aipite rekodi ya wanawake wa NCAA, ile ya Kelsey Plum ya pointi 3,527. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha karibu, cha pili cha pointi tatu, na kile cha tatu alikitupa kutoka mbali sana, karibu na nembo, kabla dakika tatu za mwanzo hazijaisha. Mabinti walitaka kukirudia kikapu hicho cha mwisho tu, lakini mimi niliwasimamisha kwenye kile cha kwanza. Mtupaji aliyekuwa anasubiriwa na taifa zima atupe kutoka mbali alianza kwa kuingia ndani, kwa sababu mabeki walikuwa wametoka nje kumsubiri. Usiku ule alimaliza na pointi 49, ambazo ni rekodi ya chuo chake.

Mjadala mkali ulitoka kwa wazee. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu Bukavu aliniuliza kama ni halali kumlinganisha binti huyu na watu wa zamani, na sikuwa na sababu ya kumficha ukweli. Tarehe 3 Machi 2024, dhidi ya Ohio State, Clark aliipita rekodi ya wanaume ya Pete Maravich ya pointi 3,667 kwa mitupo huru miwili iliyotokana na faulo ya kiufundi, muda mfupi kabla ya mapumziko. Lakini Maravich alizipata pointi zake pale LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) katika misimu mitatu tu, kati ya 1967 na 1970, katika michezo 83, kwa wastani wa 44.2, wakati ambapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa na mstari wa pointi tatu haukuwapo kabisa. Siku chache kabla ya hapo, Clark alikuwa amempita Lynette Woodard wa Kansas, aliyefunga 3,649 kufikia mwaka 1981, pia bila mstari wa pointi tatu, tena kwa mpira wa ukubwa wa wanaume, na chini ya AIAW, chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni wakati huo, ambacho NCAA haikuwa imeziingiza rekodi zake katika vitabu vyake. Na Pearl Moore wa chuo cha Francis Marion, katika vyuo vidogo vya AIAW, alifunga 4,061. Mzee alitikisa kichwa akasema, "Basi mwalimu, waandike wote watatu ubaoni," nami nikawaandika pembeni ya jina la Clark, kila mmoja na idadi ya misimu yake.

Sikuruka kushindwa kwake, kwa kuwa mabinti wangeligundua wenyewe. Clark alifika fainali ya taifa mara mbili na hakuchukua kombe: mwaka 2023 walifungwa na LSU 102 kwa 85, na mwaka 2024 na South Carolina 87 kwa 75. Katika kila moja ya fainali hizo alifunga pointi 30. Mwaka mmoja baada ya kipigo cha LSU, timu hizo zilikutana tena katika hatua ya nane bora, akafunga vikapu tisa vya pointi tatu na kumaliza na pointi 41 na asisti 12, na ni katika mchezo huo ndipo alipoipita rekodi ya Taylor Robertson wa Oklahoma ya vikapu 537 vya pointi tatu. Robertson, nisisahau kumtaja, alikuwa na asilimia ya juu kuliko Clark, na yeyote anayetafuta usahihi mtupu wa mkono amtazame huyo.

Kwa mwenzangu atakayetaka kuandaa maelezo kama haya, namshauri achukue takwimu za msimu mmoja mmoja badala ya jumla, aziandike iliyoingia na iliyokosa, na atafute msimu ambao mambo yalikwenda kombo, kwani huko ndiko mazoezi ya kweli yanakoonekana. Picha za matukio makubwa zitunzwe mpaka hesabu iwe imeeleweka, la sivyo watoto watakumbuka shangwe tu. Sakafu na utepe vina faida kuliko hotuba yoyote.

Tangu hapo kila binti ana daftari lake la mazoezi, lenye safu ya mitupo iliyoingia na safu ya iliyokosa, na hakuna anayeruhusiwa kufuta. Yule binti wa swali la 904 aliomba tuongeze safu ya tatu ya asisti, kwa hoja kwamba yeye ni mfupi na mabeki wakimfuata nje angependa ihesabiwe pasi anayompa mwenzake aliyebaki wazi. Tumeiongeza kwa wote, na Jumamosi ijayo tunaanza kuijaza.