Sikukuuliza kabila

Neno lina siku nne kifuani na halitaki kushuka. Si tusi. Aliyelitamka hakukusudia kuniumiza, na nadhani kufika nyumbani na kuwekewa uji alikuwa keshalisahau.

Baba mkwe aliingia Jumapili kutoka Matondoni, Jumanne akatolewa mtoto wa jicho, Jumatano akafunguliwa bendeji, alhamdulillahi anaona. Na hapohapo katikati mdogo wake Mama Nasra akaposwa. Hayo mwenye kuyasimulia vizuri ni Mama Nasra mwenyewe. Mimi nimekwama pale nje ya hospitali, kwenye uwanja wa magari, saa nne na nusu za asubuhi, jua linachoma utosi.

Nilikuwa nimemshika mkono. Akainua ile miwani meusi kidogo, akatazama, akasimama.

"Mbona yote meupe? Yule daktari hakusahau kitu ndani?"

Nikacheka. "Hapana, Baba. Ndivyo yalivyo."

Nikaenda kwenye gari langu, nikatia ufunguo mlangoni. Ukagoma. Nikauzungusha kwa nguvu, nikaupuliza, nikautia tena. Ndipo nikaona kitini kuna kapu la ukili ambalo si letu. Bwana mmoja akainuka chini ya mwarobaini, taratibu, kama aliyezoea. "Kaka, hilo langu. Lako labda lile la tatu." Kweli lilikuwa la tatu. Miaka 19 nauza spea Malindi, nahangaika kufungua mlango wa Probox ya mtu.

Mzee aliyaona yote kwa jicho lake jipya.

"Lako ndilo hili?"

"Ndilo, Baba."

"Na la yule bwana lile?"

"Naam."

"Hili lako kaliunda nani?"

"Toyota."

"Na lile lake?"

"Toyota pia."

Akanyamaza. Nikamfungulia mlango, akashika paa, akainama aingie, kisha akageuka. "Sikukuuliza kabila, mwanangu. Nimekuuliza fundi."

Akaingia, akakaa. Basi.

Mnaomjua Mzee mnajua maisha yake yamekwisha kwenye mbao. Jahazi huliunda bila ramani wala karatasi. Jicho lake ndiyo rula. Tanga likitokeza mbali, jina bado halijasomeka, atakwambia limetoka pwani ipi, na akiona omo, ile mbele ya chombo, lilivyokatwa atakutajia na fundi, na pengine fundi huyo alikuwa amegombana na nani mwaka ule. Mtu kama huyo unamjibu Toyota.

Usiku nikawa nalala chali natunga majibu. Na majibu ninayo! Ningemwambia hata hii tuktuk inayotupigia kelele Maweni ina fundi: Corradino D'Ascanio, Mtaliano, mhandisi wa helikopta, ndiye aliyechora Vespa ya 1946, na mwaka 1948 ikafuata Ape ya magurudumu matatu. Vespa ni nyigu, ape ni nyuki. Ningemwambia habari za Mini ya 1959, Alec Issigonis alivyoilaza enjini kiubavu ili watu wanne wapate pa kukaa ndani ya kigari cha mita 3. Ningemwambia Renault 4, ile tuliyoiita Roho, gia yake ikitoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli, na kwamba upande wa kulia gurudumu la mbele na la nyuma yaliachana kwa karibu sentimita 5 zaidi kuliko kushoto, kwa sababu vyuma vya springi za nyuma vilipangwa kimoja nyuma ya kingine. Gari halilingani kulia na kushoto, na likauzwa mamilioni! Fundi wa leo akipeleka mchoro kama huo kwa wakubwa wake, atarudishwa nao mlangoni.

Na Peugeot 404 ya marehemu baba, je? Pikapu, rangi ya kijani ya maji ya bwawa, ikileta nazi kutoka Ganda. Umbo lake lilitoka kwa Pininfarina, wachora magari wa Italia, enjini imelazwa kwa nyuzi 45, gia kwenye usukani. Hiyo ndiyo 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ule mwaka wa mwisho matope yalikuwa mengi hata magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Tulikuwa tunaijua ikiwa bado iko kwenye kona. Mama akisikia mlio anateleka chai.

Sasa mlio gani? Nimekaa nyuma ya kaunta, siri zote nazijua. Anakuja mwenye Probox, anakuja mwenye Succeed, Toyota nyingine, kila mmoja anajiona na gari lake, nami nanyoosha mkono kwenye boksi lilelile la spea. Ile Starlet mpya ya Toyota iliyoletwa Afrika, ukiivua nembo ni Suzuki Baleno kutoka India. Linaloniuma zaidi ni la Mazda. Hawa ndio waliokwenda kwenye mbio za magari za Le Mans mwaka 1991 na enjini ya rotari, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka, wakashinda wakati wengine wote walikuwa na pistoni zao. Leo nenda Japani uulize van yao, Familia. Tangu 2018 ni Probox iliyobandikwa nembo ya Mazda. Probox! Nikiwaambia wateja wanadhani nawatania.

Sababu nazijua, msinifundishe. Upepo una umbo moja unalolipenda, na kila kampuni inapitisha magari yake kwenye upepo uleule ili yanywe mafuta kidogo. Sheria za Ulaya za kumkinga mwenda kwa miguu zimeinua boneti za wote. Chesisi moja hubeba majina matano kwa sababu kuibuni ni ghali. Na huku kwetu Kenya gari la mtumba likizidi miaka 8 haliingii, kwa hiyo tunapata kile tu Mjapani alichokichoka juzi, na Mjapani anapenda cheupe. Nikapanga nimweleze Mzee habari ya upepo. Nikajua na atakavyonijibu: bahari nayo ni moja, na pepo ni zilezile, kusi na kaskazi, mbona mtepe si jahazi na jahazi si dau?

Kwa hiyo sikumwambia. Nikawa nimenuna tu, hata Mama Nasra akaniuliza kama nina deni jipya.

Jana Ijumaa, baada ya sala, nikampeleka Mzee kuangaliwa jicho. Kurudi, foleni pale Barabara ya Lamu, mizigo inashushwa, hatwendi. Nikamwona anapitisha kidole kwenye mlango, pale unapokutana na mwili wa gari. Juu, chini, tena juu. Akashusha kioo akapapasa upande wa nje. Nikasubiri kombora la pili.

"Huyu ana mkono," akasema.

"Nani, Baba?"

"Aliyefunga ubao huu. Tazama. Huku na huku sawasawa, ukucha hauzidi. Mimi sijapata kuufunga mlango hivi, na nimefunga mingi."

Nikamwambia sehemu kubwa hufanywa na mashine. Akatikisa kichwa: na hiyo mashine kaifundisha nani?

Kisha akaanza kuuliza hiki cha nini, kile cha nini, kama mtoto. Nikamvutia ile meza ndogo ya kwenye dashibodi, ambayo mimi sijawahi kuitumia ila kuegeshea risiti. Nikamweleza kwamba Wajapani walijua dereva wa gari hili ni mtu wa kazi, atakula ndani na kuandika ndani, wakampa mahali pa kuweka chakula na kompyuta. Mzee akatoa kichupa cha dawa ya macho mfukoni, akakisimamisha juu ya meza. Hakikuanguka. Gari likasogea, hakikuanguka. Akatabasamu mpaka nyumbani, na mimi, mtu mzima, nikajikuta naendesha polepole nikikwepa mashimo ili kichupa kile kisianguke. Nilijawa na furaha ya kipuuzi kabisa. Nikasahau hata kumlaumu mtu.

Ila fundi wa meza ile jina lake sijalipata. Nimemtafuta jana usiku kwenye simu hadi saa saba. D'Ascanio namjua, Issigonis namjua, wote marehemu zamani. Huyu ambaye labda yuko hai, labda sasa hivi anakula chakula chake juu ya meza yake mwenyewe, simjui.

Nilipoiacha simu ndipo nikaona. Ujumbe niliompelekea mdogo wangu aliyeko Doha Jumatatu, wa kumpa habari ya posa, bado una tiki moja. Yeye hulala na simu mkononi. Mama ameniuliza mara mbili leo kama amepiga, nikasema mtandao wa huko una shida. Sijui kama una shida.