Maziwa ya Baba Upendo

Jana jioni, mvua ilipokatika, nilikuwa narudi kutoka dukani na mwanangu. Ile harufu ikanikuta kwenye kona kabla sijauona mti wenyewe. Nikasimama. Juu ya ukuta wa watu, ua liitwalo jana-leo-kesho limechanua lote, maua ya zambarau iliyokolea, mengine yamepauka, mengine meupe kabisa, na yote kwenye tawi moja.

"Mama, na sisi tupande hili."

Nyumbani tuna kijibwa cha miezi mitatu. Sikumjibu.

Ilikuwa Arusha, mwaka 2009. Popi, mbwa wetu, alikuwa na miezi saba, wa kutafuna kila kitu: ndala, sabuni, kamba ya kuanikia nguo. Kichaka cha Mama cha jana-leo-kesho kilikuwa kando ya ngazi za baraza, na kazi ya kukimwagilia ilikuwa yangu. Maua yakishapukutika huacha vitunda vidogo vya kijani, navyo vikikauka hupasuka na kumwaga mbegu za kahawia. Jioni ile nilimwona Popi amejilaza chini ya kichaka anavitafuna. Nilimwona kwa macho yangu, nikampita na ndoo ya maji.

Saa mbili usiku akaanza kupiga chafya. Akatapika, mate yakamchuruzika, akawa anazungukazunguka uani kama aliyepotelewa na kitu, halafu akaanguka. Mtu akapiga kelele kwamba ni kichaa cha mbwa, vijana wakaja na magongo. Baba akasimama mlangoni mwa stoo na cheti cha chanjo mkononi mpaka wakaondoka.

Tulimlaza juu ya gunia. Miguu yote minne ilikuwa imenyooka na kukakamaa, macho yakicheza huku na huku bila kutua popote. Tukagundua kwamba kila kukitokea kishindo, mwili wake wote unashtuka. Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni, akajipinda mgongo. Kaka akakohoa, akajipinda tena. Basi nyumba nzima ikanyamaza. Baba akazima redio katikati ya taarifa ya habari. Tukavua ndala. Dada akambeba mwanawe mpaka chumba cha mwisho, akakaa anamnyonyesha gizani ili asilie. Mama akapanda kiti, akaitoa betri kwenye saa ya ukutani. Mimi nilikaa karibu na kichwa cha Popi nikihesabu kwa vidole, kutoka mshtuko mmoja hadi mwingine: kumi na nne, kumi na moja, tisa. Nilitamani kumshika. Nilikuwa nimejaribu mara moja, kidole tu sikioni, nikaona kilichompata. Nikaikalia mikono yangu.

Katika ukimya ule tukasikia hodi, ya chini sana. Alikuwa Baba Upendo, jirani, ameshika jagi la maziwa.

"Mnywesheni haya. Yanakata sumu."

Wiki mbili kabla alikuwa amekuja kutuambia kwamba mbwa wetu anabweka usiku kucha, na yeye ana presha, hapati usingizi. Mama akapokea jagi, akashukuru, akafunga mlango. Kisha akatokea mlango wa uani na kuyamwaga maziwa yote mtaroni.

"Amejuaje kama ni sumu?" akaninong'oneza.

Nilipoinua macho, nikaona mwanga wa tochi upande wa pili wa michongoma. Baba Upendo alikuwa hajaingia ndani.

Bwana mifugo alifika karibu saa tano. Tulimwomba azime pikipiki mbali, akaisukuma mpaka getini. Akachoma sindano ya kutuliza, akatundika dripu, kisha akamulika matapishi na kuyachokoachokoa kwa kijiti. Mbegu. Akatoka nje, akarudi na vitunda vitatu kiganjani. Mti wote una sumu, akatuambia, ila matunda na mbegu ndiyo mabaya zaidi, na sumu hii haina dawa ya kuikata. Unamtuliza mnyama na kumlinda mpaka mwili uitoe wenyewe. Akatuonya pia tusimnyweshe kitu chochote akiwa amekakamaa vile, hata maziwa, kwa kuwa yanaweza kuingia mapafuni.

Mama akatazama sakafu. Maziwa yale kweli hayakustahili kunyweshwa, lakini si kwa sababu aliyoyamwagia.

Kabla ya kuondoka, bwana mifugo akaizunguka bustani na tochi, sisi nyuma yake. Oleanda la getini: majani yake yanavuruga mapigo ya moyo. Mnyonyo nyuma ya choo: hatari iko kwenye mbegu zikitafunwa. Ile saikadi ya kwenye chungu, ambayo siku zote tulidhani ni mnazi mdogo: inaua ini. Ndiyo bustani iliyosifiwa na kila mgeni, na ndimo mbwa alimokuwa akilala.

Popi alitetemeka siku nne, akapona, akaishi miaka mingine tisa. Oleanda na mnyonyo tuling'oa, saikadi ikaondoka. Jana-leo-kesho Mama alikataa kulikata. Kila maua yalipokauka aliyapogoa yasifunge matunda, akayafukia shimoni. Mpaka leo sijui kwa nini alilibakiza. Ningekuwa mimi, ningeling'oa asubuhi ileile.

Jagi Mama alilirudisha mwenyewe, limeoshwa. Nilikuwa naye. "Shikamoo Baba Upendo. Mbwa anaendelea vizuri." Mzee akaitikia, akasema tumshukuru Mungu, akalipokea kwa mikono miwili. Hapakuwa na neno jingine.

Alifariki mwaka 2014. Mama alishinda jikoni msibani siku tatu, akikataa kupumzishwa na yeyote. Mwaka jana ndipo nilipothubutu kumuuliza kama aliwahi kumwambia mzee habari za zile mbegu. Alikuwa anachambua mchele.

"Alituona," akasema, akaendelea kuchambua.

Leo asubuhi mwanangu ameuliza tena kuhusu lile ua. Nimemwambia tutapanda waridi. Akataka kujua sababu, nikamweleza habari za Popi na mbegu, akaenda kumkumbatia kijibwa wake. Ya maziwa sijamwambia.