Betri iligeuzwa, gari likazima: nilivyotafuta kilichoungua

Gari ni la shemeji. Betri mpya ilifungwa kinyume, waya wa chanya ukaenda kwenye hasi na wa hasi kwenye chanya. Cheche zikaruka, aliyekuwa anafunga akaichomoa haraka na kuigeuza ikakaa sawa. Tangu hapo hakuna kilichowaka: si taa ya ndani, si honi, si dashibodi. Nilipofika, washauri waliozunguka boneti walikuwa wameshatoa hukumu: kompyuta ya gari imeungua, itafutwe nyingine.

Hukumu hiyo haikuniingia akilini. Katika gari hili honi na taa ya ndani hazipiti kwenye kompyuta ya injini hata kidogo, kwa hiyo kompyuta ingekufa mara kumi bado honi ingelia. Kama vyote vimezima kwa pamoja, kilichokatika kiko kabla yao, karibu na betri.

Kilichosababisha mkanganyiko nacho kilionekana mapema. Betri ya zamani na mpya zilikuwa na ukubwa uleule na namba zilezile, ila moja iliishia na herufi L na nyingine R. Kwenye betri za mfumo wa Kijapani, herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha ncha ya chanya imekaa upande gani. Waya za gari zilikuwa ndefu za kutosha kufika popote, basi zikafungwa kwa mazoea ya upande. Ncha ya chanya huwa nene kidogo kuliko ya hasi, lakini vibanio vilivyolegea havijali.

Nilianza na betri yenyewe. Mita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya: 12.5, bila alama ya kutoa mbele yake. Alama hiyo si ya kupuuza. Betri iliyoisha kabisa kisha ikachajiwa kinyume inaweza kugeuka, chanya ikawa hasi, na hapo utaifunga kwa kufuata maandishi na bado utakuwa unapeleka umeme kinyume.

Nikafuata waya mnene wa chanya hadi kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi kuu ya gari hili ni ya ampea 100. Upande wa betri 12.5, upande wa pili sifuri. Hapo ukimya wote ukaeleweka. Starta ina waya wake mnene unaotoka kwenye betri moja kwa moja, ila amri ya kuizungusha hutoka kwenye swichi ya ufunguo, na swichi haikuwa na umeme. Fyuzi hizi kubwa usizivute kwa plaizi, kwani nyingi zimefungwa kwa skrubu, nyingine kwa chini, na ukilazimisha unavunja boksi na kujitafutia kazi ya pili.

Ningeweza kuweka fyuzi mpya, nikarudisha betri na kumwomba Mungu. Lakini fyuzi ya ampea 100 haikatwi na balbu wala redio. Lazima kuna njia pana ambayo umeme ulipita, na katika gari njia hiyo ni alternata, mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Ndani yake kuna daiodi zisizopungua sita, na kila moja ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Betri ikikaa sawa, milango hiyo huzuia umeme wake usirudi kwenye bodi. Ukigeuza betri, yote inafunguka kwa mpigo, na kati ya ncha mbili hakuna kizuizi cha maana. Ampea mamia zinapita mpaka kitu kikatike. Fyuzi ikiwahi, umepona. Daiodi zikiwahi, zinaungua na kubaki zimeshikana, zikipitisha umeme pande zote mbili, na fyuzi yoyote utakayoweka itakatika hata kama betri sasa iko sawa.

Kwa hiyo niliweka fyuzi mpya, lakini waya wa hasi sikuurudisha moja kwa moja. Niliunga balbu ya taa ya breki, ya wati 21, katikati ya ncha ya hasi na waya wa bodi. Balbu hiyo haipitishi hata ampea mbili, kwa hiyo hata shoti ikiwepo hakuna kitakachoungua. Milango ya gari imefungwa, ufunguo umetolewa: balbu ikizima au ikififia, hakuna shoti kubwa. Yetu iliwaka kwa nguvu zake zote.

Nikaondoa betri, nikafungua nati ya waya mnene ulio nyuma ya alternata, nikauzungushia tepu usiguse bodi, nikarudisha balbu. Ikazima. Hapo hata wale washauri walisogea karibu.

Alternata ilipotoka niliipima kwa mita kwenye alama ya daiodi, kati ya skrubu ya waya mnene na bodi yake. Nzima husoma kama volti 0.8 hadi 1 upande mmoja, kwa sababu umeme unapita daiodi mbili zilizofuatana, na ukigeuza waya za mita haisomi kitu. Hii ilisoma karibu na sifuri pande zote mbili. Nilipofungua na kupima daiodi mojamoja, mbovu zilikuwa mbili, moja ya upande wa chanya na moja ya upande wa hasi. Wala hazikuwa za fezi moja, yaani za kundi moja la koili. Zinaunganishwa na koili za steta, sehemu ya alternata isiyozunguka, ambazo ukinzani wake ni mdogo mno, kwa hiyo kwa betri ni sawa na kipande cha waya. Nilibadilisha sahani nzima ya daiodi. Sehemu ngumu ilikuwa kuyeyusha risasi kwenye ncha za steta bila kuunguza vanishi ya koili, kazi inayotaka pasi yenye moto wa kutosha na mkono usiokawia.

Gari lilirudi kuwaka taa, honi ikalia, starta ikazunguka. Injini haikushika. Na taa ya injini kwenye dashibodi, ile inayotakiwa kuwaka kabla hujapiga starta, ilikuwa imelala. Maana yake kompyuta haina umeme. Washauri wakanitazama.

Fyuzi ya mfumo wa sindano za mafuta ilikuwa imekatika. Niliweka nyingine ya ampea zilezile. Kuwasha swichi tu, ikakatika. Mtu wa papara angeweka ya ampea kubwa zaidi, au angehitimisha kwamba kompyuta imepiga shoti. Mimi nilichomoa plagi ya kompyuta kwanza, nikajaribu tena, na fyuzi ikakatika vilevile. Basi kosa halikuwa ndani yake. Kilichobaki kwenye mstari ule ni rilei kuu, swichi inayofungwa na sumaku ya koili yake, na mchoro kwenye mgongo wake ulionyesha alama ndogo ya daiodi kando ya koili. Kazi yake ni kuzuia mruko wa volti koili inapozimwa. Betri ikigeuzwa, daiodi hiyo hupitisha umeme wote na kuungua.

Rilei ya aina hii ipime kwa omu, kati ya pini 85 na 86, ambazo ni za koili. Kipimo cha daiodi hapa kinadanganya, kwa sababu umeme mdogo wa mita unapita kwenye koili na kuiacha daiodi. Rilei nzima niliyoilinganisha nayo ilisoma omu 70 na kitu. Hii haikufika hata omu moja. Anayebadilisha aangalie alama hiyo: mwenzake wa umbo lilelile asiye na daiodi atafanya kazi, ila kile kinachomwamrisha kinaweza kuharibika pole pole.

Rilei mpya, fyuzi mpya, plagi ya kompyuta ikarudi, taa ya injini ikawaka. Kabla ya kupiga starta nilipima volti kwenye waya wa kihisi cha mlango wa hewa: 5 kamili, dalili kwamba kompyuta inatoa umeme wake wa ndani. Injini ikashika. Kwenye betri nikasoma 14.2, na mita ilipohamia kwenye AC ilionyesha sehemu ndogo tu ya volti, chini kabisa ya 0.5, kwa hiyo daiodi mpya zinafanya kazi zote. Plagi za njano za mifuko ya hewa sikuzigusa kwa mita, na wewe usiziguse.

Ilibaki redio. Fyuzi yake ya nyuma ilikatika kila ilipowekwa, na nilipoifungua nikakuta daiodi ya kinga kwenye njia ya umeme, nyeusi imepasuka katikati, imeshikana. Nikaiondoa, nikaweka nyingine ya namba ileile, ikaimba. Stesheni zote zilikuwa zimefutika.